Njia za shamba Pemba baada ya masika: namna ya kuzikagua kabla gari ya karafuu haijaingia

Masika yanapoanza kukatika, mwisho mwisho wa mwezi wa 5, kila mtu Pemba anatembea kainua shingo anaangalia mikarafuu imetoa vipi mwaka huu. Sawa, angalia, lakini na chini uangalie pia yakhe, mana karafuu unaweza ukawa nayo tele na gari isifike. Wachumaji wanaanza kupanda kuanzia mwezi wa 7 hivi, na hapo katikati kuna kipupwe, jua linatoka na kusi inakausha, huo ndio muda wa kuitembelea njia yako kwa utulivu. Ukingoja mpaka karafuu iko majamvini ndo unaanza kuuliza njia ikoje, greda na vijiko vyote vishakodiwa na kila mtu anataka kifusi siku hiyohiyo.

Na karafuu mbichi haisubiri, hilo halina mjadala. Ukiirundika kwenye magunia ikalala inapata moto ndani, inapauka, inakuwa mpeta, yani karafuu iliyoharibika, na mpeta unajua wanavyoupokea kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Gari ikinasa bondeni saa kumi na moja jioni na mzigo mbichi, hapo unahesabu hasara ya kazi ya kambi nzima, na wachumaji wanataka hesabu ya pishi zao hata kama gari imelala tope. Alafu mzigo mbichi ni mzito, karibu kilo 3 mbichi ndio zinakutolea kilo 1 kavu, kwaiyo mwenye uwanja wa kuanikia mbali na shamba anaipitisha njia mbovu uzito mara tatu bila kujua.

Kisiwa chetu kimeumbwa vilima na mabonde, hasa huku upande wa magharibi, na mkarafuu unapenda ubavu wa kilima wakati mpunga umekaa bondeni. Tangu kile kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na ya Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka huku kwetu, na maana yake ni kwamba karibu kila gunia lazima lishuke kilima, livuke bonde, lipande kilima chengine ndio likute lami. Huko juu mgongoni mwa kilima usipoteze muda, maji hayakai. Macho yako yaende kwenye mishuko na kwenye mabonde.

Uliza kwanza, lakini uliza vizuri

Ukiuliza "njia inapitika?" utajibiwa inapitika, mana aliekujibu kapita na baskeli, au kapita na boda kashuka kasukuma, au kapita kwa miguu anakwenda bondeni kwake, na wote hao hawajakudanganya hata kidogo. Uliza hivi: gari ya mwisho kupita na mzigo ilikuwa gari gani, ilibeba nini, ilipita kabla ya ile mvua kubwa au baada? Maji yalipita juu ya njia au chini? Yalikaa usiku mmoja au wiki? Hayo majibu ndio yana kazi.

Wa kuulizwa wa kwanza ni kina mama wanaolima mpunga. Wao wanayaona maji kila siku, wanajua yalitokea wapi na yalihama wapi. Mtolee salamu yake vizuri, shikamoo bi mkubwa, keti kidogo kwenye tuta usiwe na haraka ya mjini, atakwambia mengi kuliko wapita njia kumi, mpaka kwamba ule msingi wa maji, yani mfereji, ulizibwa na fulani akapanda migomba, mambo ambayo hutoyaona kwa macho. Watoto wa skuli nao wanajua kila pa kurukia. Madereva wa boda waulize, wape heshima yao, ila jibu lao lipunguze, boda inapita mahali ambapo hata mbuzi anafikiri mara mbili.

Kisha nenda kwa miguu

Sio kwa gari, sio kwa boda. Ukiwa juu ya chombo macho yako yanatafuta pa kupitisha tairi, hayakagui kitu. Nendeni wawili, mmoja akiingia majini mwengine abaki pakavu na kamba. Vaa mabuti ya mpira, usiende pekupeku ati kwa sababu ndio tulivyozoea, mana maji yale yamepita vyooni na yamebeba vigae na misumari, na nyoka nao wamehama kama watu. Ukirudi nawa kwa sabuni kabla hujashika kitu cha kula.

Chukua fito ndefu iliyonyooka, kama pima moja hivi, uitie alama kila sentimita 10 kwa rangi au kwa ncha ya panga. Fito hii ndio itakayokufanyia kazi zote, itakupimia kina, itakwambia ardhi ngumu au laini, na kwenye picha itaonesha ukubwa wa shimo. Panga, kamba, simu ina chaji, bas. Mimi napendelea kwenda mara mbili, mara moja pale pale mvua kubwa inapokatika ili nione maji yanapita wapi, na mara ya pili pakishakauka siku kadhaa, kwa sababu ukavu unaficha mambo, na tope pia linaficha mambo yake.

Kalvati, na hapa tukae

Njia baada ya mafuriko ni kama jino lililooza ndani, juu jeupe linang'aa na chini hamna kitu. Watu wengi wanasimama katikati ya njia juu ya kalvati, yani lile bomba la kupitishia maji chini ya njia, wanapiga piga mguu, wanaona iko imara, wanaondoka. Shuka chini! Tena shuka upande yanakotokea maji, sio yanakoingilia, mana maji yakitoka kwenye bomba yanatoka kwa nguvu na yanaichimba ardhi pale mdomoni, yanachimba kurudi nyuma kuelekea njiani kidogo kidogo. Ukikuta shimo chini ya mdomo wa kalvati na bomba limebaki linaning'inia hewani, au ule ukuta wa mawe wa pembeni umeinama au umeachana na udongo, hiyo ni kalvati inayongoja gari nzito tu.

Chungulia ndani kama panachungulika. Yale mabomba ya zege yanaungwa vipande vipande, na yakiachana maungio udongo wa juu unaanza kumwagika ndani na kuchukuliwa na maji. Dalili yake ni hii: maji yanayoingia upande wa juu masafi na yanayotoka upande wa chini yana tope, yani tope hilo limetoka ndani ya njia yenyewe. Nyengine ni kashimo kadogo juu ya njia, karibu na mstari wa bomba, kadogo hata kikombe hakiingii, mtu anakapita anadhani ni tundu la kaa. Tia fito. Ikizama mkono mzima bila kugusa kitu basi pale pana chumba chini, weka matawi uzibe njia na usimruhusu mtu apite na gari mpaka pachimbuliwe pajazwe upya kwa mawe na kifusi kilichoshindiliwa. Kumwaga udongo kwenye kile kitundu na kukanyaga kanyaga sio kutengeneza, ni kufunika.

Angalia na nyufa. Ufa unaokwenda sambamba na njia, pembeni, unakwambia ubavu wa njia unaondoka, na gari nzito ikikanyaga ukingo ule inalala bondeni. Ufa unaokata njia upande kwa upande juu ya kalvati, au sehemu imebonyea pakakaa kidimbwi ambacho zamani hakikuwepo, unakwambia chini pameshuka.

Alafu upande wa juu sasa, yanakoingilia. Pale utakuta magogo ya migomba, makuti, makumbi, chupa za plastiki, vyote vimeshonana mdomoni. Ukizibua, zibua wakati maji yametulia, ukiwa pembeni, kwa fito au kwa kulabu, usiingie mbele ya mdomo wa bomba maji yanapovuta, mana kizibo kikiachia ghafla kinakuvuta na wewe. Takataka zilizonasa kwenye vichaka ziangalie ziko juu kiasi gani, hapo ndipo yalipofika maji, na kama ziko juu kuliko njia basi maji yalivuka juu na hiyo kalvati ni ndogo kwa bonde lile, hata ukiisafisha vipi mvua za vuli zitavuka tena, na vuli inakukuta bado unachuma msimu ukiwa mkubwa.

Maji yaliyo juu ya njia

Yanayokimbia usiyaingie, si kwa miguu si kwa gari. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuinyanyua na kuisogeza gari ndogo, na 60 zinaondoka na gari nyingi zikiwemo zile za fowili ambazo wenyewe wanajiona wamemaliza. Watu wanadharau maji kwa sababu hawapigi mahesabu, pipa moja tu la lita 200 ni kilo 200, sasa bonde zima linapokusukuma ubavuni. Yakiwa ya tope huoni chini kama njia ipo au imeshaondoka, na hilo ndilo linalonitisha mimi kuliko kina chenyewe.

Yaliyosimama yapime kwa fito, na upime kwenye michirizi miwili ya tairi, kulia na kushoto, sio katikati tu ambako pamenyanyuka. Pima kila hatua. Sehemu ikiwa laini fito inazama yenyewe hata hujasukuma.

Karibu na mikoko kuna jambo la bamvua, yani siku bahari inapojaa na kutoka kwa wingi kabisa. Njia zinazopakana na mikono ya bahari, za Mtambwe, za kuelekea Kojani na nyengine nyingi, maji yake ya mvua yanamwagikia baharini, na bahari ikijaa yanakosa pa kwenda yanarudi nyuma bondeni. Tarehe 1 na 15 ya mwezi mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata ndio bamvua, kwetu maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni hivi na hutoka mwisho saa nne asubuhi. Sasa mtu anakwenda kukagua saa nne asubuhi siku ya bamvua, anakuta bonde kavu kalvati inapumua, anarudi anasema njia safi, na gari inakuja kupakia saa kumi jioni inakuta ziwa. Kagua maji yakiwa nje ili uone chini ya kalvati, lakini rudi jioni uone yanapanda mpaka wapi, uweke alama kwenye mnazi au jiwe. Na siku za kupakia ukiweza kupanga zipeleke kwenye maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kidogo.

Udongo na mishuko

Udongo mwekundu wa vilimani unakauka haraka, siku chache za jua umekaza, ila ukiloa una utelezi balaa. Kinamo cha bondeni kina tabia mbaya zaidi, juu kinapiga gamba kikavu chenye mipasuko, unatembea juu yake unaringa, na chini bado uji, wiki nzima na zaidi. Usipime kwa macho, choma fito kwa uzito wako wote. Au chimba kiganja kimoja chini, chukua udongo uufinye mkononi, ukitoa maji au ukiganda vidoleni haubanduki, gari ya tani tatu hapo hapana. Ukivunjika vunjika una nafuu.

Kwenye mishuko tafuta makorongo. Maji yakikosa msingi wa pembeni yanatumia mchirizi wa tairi kama mfereji, yanauchimba mpaka unakuwa korongo, na korongo likizidi shubiri moja kwenda chini Canter iliyopakia inakaa kitako tairi zinaning'inia. Fuata korongo kwenda juu mpaka utaona lilipoanzia, utakuta mahali ambapo msingi umeziba au mtu kaufukia apate njia ya kuingilia kwake. Ukizibua pale juu umeokoa mshuko mzima, na ni kazi ya majembe manne na asubuhi moja tu. Kufukia korongo bila kuzibua juu ni kuipa mvua ijayo kifusi chako bure.

Kingo zilizokatwa kwenye kilima nazo zitazame, udongo uliomeguka na kushuka njiani, mizizi ya mwembe au mdurian imebaki wazi, mti umeinamia njia. Nguzo ya umeme ikilala au waya ukiwa chini usisogee wala usikate matawi yaliyoshika waya, waite Shirika la Umeme, uweke mtu azuie watoto.

Njia ya nani?

Swali usilolisahau: unakagua kwa ajili ya chombo gani. Njia moja inaweza kuwa nzuri kwa gari ya ng'ombe, ngumu kwa Carry na haifai kabisa kwa Fuso. Mimi nafanya hivi, njia naipa jina la chombo kikubwa kabisa kinachoweza kupita KIMEPAKIA, na mvua ikinyesha usiku naishusha daraja moja. Pima na upana pia, hasa kwenye kona na kwenye vidaraja, na uone gari itageuzia wapi, mana gari kurudi nyuma nusu kilomita na mzigo kwenye njia iliyomeguka pembeni ni mtihani.

Vile vidaraja vya magogo ya minazi vinastahili neno lake. Gogo la mnazi juu linabaki gumu na ndani limekwisha, hasa likilala majini. Ligonge kwa kisogo cha panga, sauti ya kitu kitupu unaijua, tena chomeka ncha ya panga pale linapokaa kwenye udongo, likiingia kama kwenye muhogo uliopikwa libadilishwe. Na makumbi yanayotupwa kwenye tope yanasaidia baskeli na boda kwa siku chache, kisha yanaoza yanashika maji, tope linakuwa mara mbili. Mawe chini, kifusi juu, shindilia, acha mgongo katikati maji yamwagike pembeni.

Kuripoti

Piga picha tatu kila palipoharibika, ya mbali ionekane njia, ya karibu na fito imesimama, na ya chini kwenye kalvati. Andika jina la njia kwa ncha zake mbili, mfano Bahanasa–Mtambwe au Mizingani–Wambaa, na alama anayoijua kila mtu, msikiti, skuli, duka, mwembe mkubwa, alafu utume na lokesheni. "Njia yetu mbovu tunaomba serikali itusaidie" haimsaidii mtu yoyote, lakini "kalvati ya pili ukitoka lami, mdomo wa chini umechimbika sentimita 80, bomba la mwisho limeachana" mhandisi anajua abebe nini. Anza kwa sheha, mana shehia ndio inayokusanya taarifa za maafa, na barabara kubwa zina wakala wake na wizara ya ujenzi wakati vichochoro vya ndani vinaanzia baraza la mji au halmashauri. Peleka kwa maandishi, uweke nakala. Na picha za mwaka jana usifute, ukiziweka pamoja na za mwaka huu utaona shimo linakua au limesimama.

Pale ambapo haitatengenezwa kabla ya msimu, badilisha mpango mapema. Uwanja wa kuanikia uhamie upande wa shamba, ukavushe karafuu kavu iliyo nyepesi, au tafuta punda na gari za ng'ombe za kufikisha kwenye lami na mkubaliane bei sasa hivi kabla kila mtu hajazitaka. Kupakia usiku kwa njia za uchochoroni kukwepa bonde sikushauri, utanasa na juu yake utaulizwa habari za magendo.

Siku yenyewe ya kupakia ikifika angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tangu jana yake, na kama usiku imenyesha subiri jua lipige mpaka adhuhuri. Mtu mmoja atangulie na boda mpaka kila kalvati, ashuke chini achungulie, apige simu. Safari ya kwanza ibebe nusu. Na dereva akisema hapa mimi sipiti, asilazimishwe wala asiitwe muoga, shusheni magunia, yavusheni kichwani, yapakieni ng'ambo.